Kiti Hakikasiriki

1

Neno la kwanza nililofundishwa Jumbani ni hilo. Nilikuwa bado na meno ya utoto, Bi Kirembwe akanishika kidevu na kunirudishia mpaka nikaweza kulisema bila kupepesa macho: kiti hakikasiriki, kiti hakicheki bila ruhusa, kiti hakina jina mbele ya wageni. Hayo mawili ya mwisho niliyavunja mara nyingi. La kwanza nililivunja siku moja tu, mbele ya Kadhi na mashahidi, na anayetaka kunilaumu ajipange foleni.

Kiti ni mtu. Naanzia hapo kwa sababu katika Dola ya Mwarembo watu walikwisha kusahau. Zamani kiti alikuwa mtu anayepandwa na pepo, ngoma zikipigwa na ubani ukifukizwa. Mafundi wa Jumba walipogundua njia ya kumpandisha mtu aliye hai kichwani mwa mtu mwingine, hawakujisumbua kutafuta jina jipya. Uzi mwembamba unapita chini ya ngozi, kutoka nyuma ya sikio mpaka puani, unaishia kwenye kipini. Mpanda analala kitandani kwake na kufumba macho. Kipini kikiwaka chekundu, yeye ndiye anayeona kwa macho yako na kusema kwa ulimi wako. Wewe unasukumwa nyuma, unasikia yote, huwezi kunyanyua hata kidole. Kipini kikizimika unarudishiwa mwili wako, pamoja na kiu, mkojo na maumivu ya mgongo ambayo mwenzako hakutaka kushughulika nayo.

Mpanda wangu alikuwa Mwana Shufaa, mtoto pekee wa Sultani aliyesalia baada ya homa ya vumbi. Homa ile ilimwachia mapafu yasiyoweza kuzima hata mshumaa, na moyo dhaifu, na tangu utotoni aliishi nyuma ya kioo kwenye hewa iliyochujwa. Tulikuwa kimo kimoja na umri mmoja. Ndiyo maana walikuja kunichukua kwetu Tondoni. Wazazi wangu waliambiwa ni heshima, na heshima ya Sultani haikataliwi.

Sasa kuna adabu moja ya Mwarembo ambayo mgeni lazima aijue. Mtu hamwulizi kiti, "Ni wewe au ni yeye?" Kuuliza hivyo ni kumwambia binti wa Sultani kwamba humtofautishi na mtumishi wake, na watu wamefukuzwa mjini kwa swali hilo. Kuchungulia kipini ni kosa kubwa zaidi, ndiyo sababu tunavaa barakoa inayofunika pua. Sheria nayo ikamalizia kazi: kila neno litokalo kinywani mwa kiti mwenye barakoa ni neno la mpanda. Hata ningesimama sokoni nikapiga kelele kwamba nateswa, kisheria angekuwa Mwana Shufaa ndiye aliyepiga kelele.

Mwinyi Shaame, mrithi wa enzi ya Uchengo, alikuja kumtazama Mwana mwanzo wa kiangazi. Siku ile ya kwanza Mwana Shufaa alinipanda vizuri, akamsalimu, akamkaribisha kwenye mkeka wa heshima. Ikaletwa kahawa. Mwinyi Shaame akaanza kueleza habari za mifereji ya maji ya nchi yao, na mimi nikiwa kule nyuma nikahisi Mwana anapiga miayo. Kabla kikombe hakijafika mdomoni, kipini kikazimika. Alikuwa ameshuka bila hata kuaga, akaniacha na kikombe mkononi mbele ya mwana wa mfalme.

Nyuma ya pazia Bi Kirembwe, somo wangu na msimamizi wa uzi wangu, alinipungia mkono: kaa, itikia tu.

Nikaitikia. Naam. Ehee. Alaa. Nadhani ningeitikia hivyo mpaka jioni kama asingesema, kwa fahari nyingi, "Kwetu Uchengo, Mwana, tunawaheshimu sana wafu wetu."

Mimi ni Mtondo. Watondo na Wachengo ni watani tangu vita vya visima, walipochoka kuuana wakakubaliana kuzikana. Mchengo akifa, sisi ndio tunaochimba kaburi, na tunamtukana tukichimba, na hakuna anayeruhusiwa kuchukia. Mtani hata akisimamisha arusi yako, hata akikuvua kilemba mbele ya watu, unacheka. Utani haujui mfalme wala mtumwa, na hakuna enzi iliyowahi kuthubutu kuupiga marufuku. Ulimi ukanitoka.

"Mnawaheshimu kwa mbali," nikasema. "Wanaowazika ni Watondo. Nyinyi mtu akifa mnasubiri ajifukie mwenyewe, msije mkachafua kanzu."

Pazia likatikisika. Bi Kirembwe nusura aanguke. Lakini Mwinyi Shaame alinikodolea macho, kisha akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

"Mwana amejifunza utani wetu!" akasema akijifuta. "Nani aliyekufundisha?"

"Harufu yenu. Inafika kabla yenu."

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lake lilikuwa la mtu aliyelelewa vizuri kupita kiasi. Mchengo yeyote anajua kwamba utani haufundishwi, mtu huzaliwa nao. Yeye aliona binti wa Sultani aliyejisumbua kujifunza matusi ya watu wake kwa ajili yake, na moyo ukamlainika. Kama alikuwa na shaka, kuuliza kulikuwa ni kumtukana Mwana. Basi hakuuliza.

Alikuja kiangazi chote. Mwana Shufaa alipanda kwa salamu na kushuka kabla ya kahawa, akarudi kwenye usingizi wake na michezo yake, na mimi nikabaki na Mwinyi Shaame kwenye ua wa ndani. Nilimtukana ndevu zake, kanzu yake, mifereji yake isiyofika mahali. Naye alinijibu vizuri, kwa mtu aliyejua kujibu. Siku moja alinisimulia mazishi ya mama yake: jinsi bibi mmoja wa Kitondo alivyojilaza ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, na yeye, mtoto wa mfalme aliyekuwa hajala wala kulia kwa huzuni, akaangua kicheko, kisha ndipo kilio kikaja. Nilitaka kumwambia kwamba bibi yule angeweza kuwa nyanya yangu, aliyejulikana nchi nzima kwa majogoo. Nikafungua mdomo, nikakumbuka mimi ni nani, nikalimeza neno.

Nilimpenda. Sina sababu ya kuzunguka mbuyu.

2

Posa ilipoletwa, mjumbe wa Uchengo alisema bwana wake anamtaka Mwana mwenye utani, huyo na si mwingine. Mwana Shufaa akashangaa, akaitisha sauti zilizohifadhiwa kwenye kipini, akazisikiliza zote. Kisha akaniita kwenye kioo.

Nilidhani ataniadhibu. Nilimkuta ameketi wima, amesukwa nywele, macho yanang'aa. Mikono yake ilikuwa myembamba sana, na nyuma yake mashine ya hewa ilikuwa inapumua kwa niaba yake.

"Shikamoo, Mwana."

"Marahaba. Mize, umenitafutia mume."

Nikarudi hatua nyuma.

"Usiogope, sijakasirika. Nimewasikiliza nyote wawili. Mwenzangu, una ulimi!" Akacheka, akakohoa, akasubiri mpaka kikohozi kipite. "Ataoa mwezi huu. Mwili utakaokwenda Uchengo ni wako, hilo unalijua. Lakini Uchengo ni mbali, uzi wa kawaida haufiki huko. Mafundi wamesema kuna kufunga uzi."

Nilikuwa nimesikia habari za kufunga uzi kwa minong'ono, kama watoto wanavyosikia habari za mazimwi. Mpanda hupanda mara moja na hashuki tena. Mwili wake wa zamani huachwa uzime wenyewe. Kumbukumbu za kiti humwagwa katika za mpanda, zikawa zake.

"Na mimi, Mwana, nitakuwa wapi?"

"Utalala."

"Nitaamka lini?"

Akatazama mikono yake. "Mize, hutasikia maumivu. Nimewauliza mara mbili."

"Mimi hukuniuliza hata mara moja."

"Nikuulize nini? Ungejibu nini?" Sauti yake ilipanda na mashine nyuma yake ikaanza kulia. "Wewe una miguu tangu umezaliwa! Umelowana mvua. Mimi mvua naijua kwa ngozi yako tu, kwa kukuazima jioni mojamoja, na ikianza kunoga Kirembwe ananishusha kwa sababu moyo unaenda mbio. Unajua mapafu haya yamebakiza muda gani? Sitafika mwaka mwingine. Ningekuwa mwenye haki ningekufa humu ndani kimya kimya, eti kwa sababu Mize wa Tondoni anataka kuendelea kuwa Mize?"

"Ndiyo," nikasema.

Sikupanga kusema hivyo. Alinitazama kana kwamba meza imemjibu.

"Yeye ananipenda mimi," akasema polepole. "Ameposa kwa jina langu."

"Anampenda anayemtukana."

"Basi nitajua kumtukana. Vyote ulivyo navyo nitakuwa navyo. Nyanya yako atakuwa nyanya yangu. Huoni? Hakuna kitakachopotea."

Hapo ndipo nilipokipata kwa mara ya kwanza, hasira, kitu kile walichokuwa wakinizimia tangu utotoni.  Nikajikuta nahesabu pumzi kama nilivyofundishwa, nikakitia kifuniko, nikainama, nikaondoka kinyumenyume kama adabu inavyotaka. Kumwonea huruma nilimwonea. Huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe, kwamba alikuwa na haki ya kulia, nami nilikuwa ndicho kitambaa cha kufutia machozi.

Lazima niseme kwa nini hasira yetu ilikuwa inaogopwa hivyo. Uzi haupitishi mawazo ya kiti kwenda kwa mpanda, lakini moyo unapita. Moyo wa kiti ukienda mbio, wa mpanda unaufuata. Hasira ikizidi sana, uzi hujikata wenyewe, na mpanda hutupwa nje kama mtu aliyetupwa na punda. Wenye moyo mzima huamka na kizunguzungu. Shangazi yake Sultani, aliyekuwa na moyo mbovu, alitupwa na kiti wake aliyeitwa Bishara, akafa palepale kitandani. Bishara hatukumwona tena. Tangu siku hiyo kila kiti hunyweshwa poza kabla ya kupandwa, kinywaji cha majani kinachofanya kila kitu kiwe sawa tu.

Basi nikawa na njia moja ya kujiokoa, na njia hiyo ilikuwa ni kumuua msichana aliyekuwa akinihadithia mvua.

3

Arusi ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa nimepakwa hina, nimefukizwa udi, nimevikwa barakoa ya dhahabu. Kwa kawaida ya Mwarembo, Kadhi huja mlangoni kwa bibi arusi pamoja na mashahidi wawili, akakaa upande wa pili wa pazia na kumwuliza ridhaa yake mara tatu. Bibi arusi mwenye haya hunyamaza, na kimya cha mara ya tatu ndiyo ridhaa. Sauti yote, hata kimya, hupelekwa kwa vipaza sauti mpaka barazani alikoketi bwana arusi na wageni. Nikah ikishafungwa, mafundi wangeingia na sanduku lao.

Bi Kirembwe alileta kikombe cha poza. 

"Kunywa, mwanangu."

"Somo," nikasema, "wewe ulinifunza kuoga hedhi yangu ya kwanza. Ulinifunza kula kwa adabu na kukaa na mume. Ya leo mbona hukunifunza?"

Aliweka kikombe mbele yangu. Kisha, mwanamke aliyekuwa hajawahi kuniachia kikombe mpaka aone kitako chake, akanigeuzia mgongo na kuanza kutafuta pini kwenye kasha ambalo halikuwa na pini. Alizitafuta kwa muda mrefu. Nikaimimina poza ndani ya chetezo, makaa yakalia chwaa, harufu ya majani ya kuungua ikajaa chumba kizima.

"Udi wa siku hizi," akasema Bi Kirembwe bila kugeuka, "hauna harufu nzuri."

Kipini kikawaka. Mwana Shufaa akaingia, nami nikasukumwa nyuma. Akainyoosha mikono yangu, akaigeuza, akaitazama hina kwa furaha ya mtoto. Nilimhisi anavuta pumzi ndefu kwa mapafu yangu na kuishikilia.

Kadhi Burhani alikohoa nyuma ya pazia. Alikuwa mzee mwenye sauti ya upole, na siku ile upole wenyewe ulikuwa na mashaka.

"Mwana Shufaa binti Sultani, Mwinyi Shaame wa Uchengo ameleta posa na mahari yake. Umeridhia nikuoze kwake?"

Kimya. Mwana alikuwa ananyamaza kwa kinywa changu.

Nikaanza. Nilikuwa sijazoea, ikabidi nikusanye hasira yangu kama mtu anayeokota kuni. Niliokota siku niliyochukuliwa, jino langu la kwanza la utoto likiwa limeachwa juu ya paa la nyanya. Niliokota kiu zote. Niliokota jina langu lisilotamkwa mbele ya wageni. Vilikuwa vijiti vibichi, vikatoa moshi tu.

"Mwana Shufaa binti Sultani," akasema Kadhi mara ya pili, "umeridhia nikuoze?"

Kimya. Nikamkumbuka mama.

Alikuja mara moja tu, kwa miguu kutoka Tondoni, akasimama kwenye lango siku ya wageni akiwa na kikapu cha mihogo ya kuchoma. Mwana Shufaa alikuwa amenipanda kwa matembezi. Mama aliniona, akanyoosha mikono yote miwili, na mdomo wangu mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe, ukamwambia askari, "Huyu mwanamke ni nani? Hebu mwondoeni njiani." Mama yangu hakujua la kufanya na mikono yake. Aliirudisha polepole kwenye kikapu. Alikuwa na adabu, hakuuliza kama ni mimi. Aliamini ni mimi.

Mwana hakujua. Najua hakujua. Wala hakuuliza!

Hapo kuni zikashika. Moyo wangu ukapiga, ukapiga tena, na kule kwenye kioo najua moyo mwingine ukaanza kuufuata. Kipini kikachoma pua. Mikono yenye hina ikashika kifua, si mimi niliyeishika, na kutoka kinywani mwangu, kwa mnong'ono, likatoka jina ambalo lilikuwa halijasemwa katika chumba kile:

"Mize. Mize, basi. Naumia."

Nyuma ya pazia Kadhi alisikia. Barazani kote walisikia.

Nilikuwa nimefika. Pumzi moja zaidi na uzi ungekatika, naye angekufa, nami ningekuwa huru kwa njia ya Bishara. Nataka ieleweke kwamba niliitaka ile pumzi. Niliitaka kwa moyo wote. Lakini nilimhisi pale ndani, anatetemeka, mtu aliyekuwa amekwenda kwenye mvua yake na kukuta moto, na nikaona kwamba nikimtupa sasa nitakuwa nimemfanyia lilelile alilotaka kunifanyia, kumwondoa kwa sababu nina haja na mahali alipokaa.

Sikuwa na njia ya kumwambia kitu. Nilikuwa na moyo tu. Basi nikaushikilia. Sikuizima hasira, haki ya Mungu sikuizima hata kidogo, ila niliizuia mlangoni, ikasimama pale inanguruma, haiingii wala haiondoki. Shuka, nilikuwa nasema kwa kila pigo. Nimekuachia njia. Shuka mwenyewe.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho," akasema Kadhi, taratibu sana, kama mtu anayempa mwenzake nafasi. "Mwana Shufaa binti Sultani. Umeridhia?"

Kimya kikaanza. Kimya hicho ndicho kingenioza, kingenilaza, kingempa yeye nyanya yangu na majogoo yake. Nilikihisi kinarefuka. Askari mlangoni akageuka kuangalia. Bi Kirembwe alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa kanga yake.

Ndipo Mwana akalia machozi, kwa macho yangu, machozi mawili au matatu, na kipini kikazimika.

Alikuwa ameshuka.

"Mwana Shufaa hayupo," nikasema. Sauti ilikuwa kavu, nikaisafisha, nikapaza. "Kadhi, unamwuliza mtu aliyekwisha kutoka. Aliyebaki humu ni Mize binti Faki, Mtondo wa Tondoni, na mimi sijaulizwa na mtu yeyote."

Askari akaingia na mkono kiunoni. "Mwenye barakoa husema maneno ya mpanda! Sheria..."

"Mimi ni mtani wa bwana arusi," nikamkatiza. "Nimesimamisha arusi ya Mchengo kama Watondo wanavyosimamisha. Mwana hana utani na Uchengo, kwa hiyo maneno haya si yake, hayawezi kuwa yake. Ni yangu. Niguse uone watakavyokuzomea wageni wote waliojaa kule barazani."

"Mtani hagusiki arusini," akasema Kadhi Burhani nyuma ya pazia, na safari hii sauti yake haikuwa na mashaka. "Askari, rudi nyuma. Na mafundi waambieni wasiingie. Sina wa kumwoza hapa."

4

Bwana arusi haruhusiwi kuingia chumba cha bibi arusi kabla ya nikah. Mwinyi Shaame aliingia. Alisimama mbele ya pazia lililokuwa limekwisha kusukumwa kando, kilemba chake cheupe kichwani, jasho usoni.

Nikavua barakoa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona sura yangu nzima, na nilimwona anaitafuta, anaitambua.

"Ni wewe," akasema.

Hakusema kwa kuuliza. Nikayasikia hayo maneno vizuri, na kitu kikanikaa vibaya.

"Tangu lini unajua?"

"Mize..."

"Tangu lini, Mwinyi?"

Akatazama chini. "Siku ile ya habari za mama yangu. Ulifungua mdomo ukameza neno. Binti wa Sultani hamezi maneno."

"Na baada ya siku hiyo ukaleta posa. Kwa jina la nani?"

"Ningefanyaje? Ningeuliza ningefukuzwa, na wewe ungeadhibiwa." Akanyoosha mkono, akaurudisha. "Niliona, nikishakuoa tutakuwa mbali na hapa, kwetu, na mimi nitakuwa najua nimeoa nani. Jina si kitu."

"Jina si kitu kwa aliye nalo!" Nilikuwa nimesimama sasa. Hasira ile niliyokuwa nimeizuia mlangoni nikaifungulia, kwani hapakuwa na moyo wa mtu mwingine wa kuulinda. "Ulikuwa unajua! Mwana hakujua mimi ni mtu, mgonjwa, amefungiwa kwenye kioo tangu utotoni. Wewe una macho, una miguu, una enzi, umekaa na mimi kiangazi kizima, ukajua, na ukanipangia maisha kimya kimya kama walivyonipangia wao. Unajua hapo nje kuna nini? Kuna sanduku la mafundi. Nikah ingefungwa, wangenifunga uzi, na ungeondoka hapa na mtu anayejua kukutukana vizuri sana, usijue kwamba umenizika. Watondo wote wangekuwa mbali, hakuna hata wa kuniimbia."

Rangi ikamtoka. "Wallahi, hilo sikulijua."

"Ungeuliza! Kuuliza si ujinga, Mwinyi. Neno moja tu. Kila mtu katika nchi hii ana adabu ya kunimaliza nayo."

Hakujitetea tena. Ni jambo pekee zuri alilolifanya siku ile. Akapiga magoti pale pale juu ya mkeka, mwana wa mfalme, mbele ya mashahidi, akasema, "Basi nauliza sasa. Mize binti Faki, wewe, umeridhia?"

 Na mimi nilimpenda bado, laana ya mambo ndiyo hiyo, nilimpenda vilevile kama jana.

"Hapana," nikasema. "Siyo chumbani kwa watu, na mahari ya mtu mwingine, na hina ya mtu mwingine mikononi."

Nikamvua kilemba. Nilikitoa chote, mikunjo na yote, kikabaki kichwa chake kilichonyolewa, masikio yamesimama. Hakuchukia, haruhusiwi kuchukia. Mtani aliyesimamisha arusi huondoka na anachokitaka, na mwenye nacho hukifuata kwa huyo mtani, nyumbani kwake, kwa miguu.

"Tondoni unaijua," nikamwambia. "Ndiko walikotoka waliomzika mama yako. Utabisha hodi kama watu."

Nikakichomoa kipini. Kinauma kuliko wanavyosema. Nikakiweka ndani ya kikombe cha poza kilichokuwa kitupu, nikampa Bi Kirembwe, naye akanishika mkono pamoja na kikombe na kuninong'oneza, "Nimeletewa habari. Mwana mzima. Amelala. Moyo umetulia." Nikamshukuru Mungu, na bado nilikuwa na hasira na Mwana. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja, nimegundua.

Nilitoka kwa mlango wa mbele. Wageni wa Kichengo walinipisha wakipiga vigelegele vya utani, kwa mazoea tu, kisha walipoona uso wangu wakanyamaza. Sultani hakuonekana. Labda alikuwa kwenye kioo, na kama alikuwa huko ndiko mahali pake. Nilitembea na kilemba cha Uchengo kichwani, damu imekaukia puani, na kila aliyenitazama nilimtazama.

Nilipofika Tondoni, nyumba yetu ilikuwa imewekwa mlango mpya, wa rangi nisiyoijua. Nilibisha hodi. Mama alifungua, amezeeka, mkononi ana kisu cha kumenyea mihogo. Hakunyoosha mikono. Alinitazama puani kwanza, bila adabu yoyote, akachungulia upande huu na upande huu kama anayekagua samaki, kisha akanitazama machoni.

"Ni wewe," akauliza, "au ni yeye?"

Hasira yote niliyokuja nayo njia nzima ikanitoka miguuni.

"Ni mimi, mama."

Akasogea, nikapita.